Boksi Lake Lipo?

Ukiniuliza nafanya kazi gani nitakwambia nina duka la fotokopi na vifaa vya shule pale Lushoto mjini, karibu na soko. Hiyo ndiyo kazi. Lakini ukija nyumbani kwetu, juu kidogo ya Soni, ukapita jikoni kwa mama na kufungua mlango wa chumba kilichokuwa cha viazi, utaukuta ugonjwa wangu: kinanda kimoja, kompyuta mkweche, spika mbili, trei za mayai nilizozigandisha ukutani kuzuia mwangwi, na mezani mashine ya ngoma. Hii ni kijisanduku cha umeme chenye vibonyezo vya mpira. Ukibonyeza hiki inalia ngoma kubwa, ukibonyeza kile inalia kengele au makofi. Unaweza kuipiga mwenyewe kwa vidole, au ukaipangia mdundo ikarudia yenyewe mpaka uichoke.

Studio ya biashara sijawahi kuwa nayo wala siitaki. Narekodi kwa raha yangu, Jumapili baada ya ibada na jioni nikishafunga duka. Ila kwenye mashine za ngoma nilikuwa na mchezo wangu. Nanunua iliyochakaa, naifungua, naisafisha kwa mswaki na spiriti, naunga waya ulioachia, naichezea mpaka vidole vimeijua, halafu naiuza. Hiyo niliyouza ndiyo inanunua inayofuata. Hakuna mashine iliyowahi kuzeekea kwangu, na nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Tunauziana kwenye makundi ya simu. Karibu wote humo ni wanaume, na wananiita kaka, mkuu, mwamba. Siwasahihishi. Tukishakubaliana bei ndipo napiga simu nisikike sauti, na kile kimya kinachofuata upande wa pili nakifurahia sana.

Na siri ya kuuza vizuri ni boksi. Mnunuzi awe wa Arusha, awe wa Dar, akishaona picha swali lake la kwanza ni hilo hilo: boksi lake lipo? Likiwepo, anaamini mashine ilitunzwa, hata kama ililala chini ya kitanda na panya. Kwa hiyo maboksi niliyaheshimu. Niliyapanga juu ya kabati, nikayafunika kwa khanga kuukuu yasipate ukungu. Mama akiishiwa karatasi za kuwashia moto anayatazama kwa uchu, nami namwambia, "Hayo usiyaguse, mama. Hayo ndiyo mtaji."

"Ndizi unauza," anasema, "maganda unayafungia kabatini."

Mama yangu ni mpiga ngoma. Aliipiga katika kwaya ya akina mama ya usharika wetu tangu mimi nabebwa mgongoni, na mikono ile ile iliyolima matuta ya kabichi ndiyo iliyokuwa ikiifanya ngoma iseme. Kwetu kuna jambo moja ambalo hatulichezei. Binti wa nyumba yetu asubuhi ya harusi hatoki kwa redio. Anatoka kwa ngoma, na mpigaji ni mama yake mzazi. Mama anaanza binti akivuka kizingiti, na anaendelea mpaka binti apite kona ya mwisho ya barabara, kule chini kwenye mikaratusi. Barabara yetu inashuka kwa kona nyingi; gari unaliona, linapotea, unaliona tena dogo zaidi. Bibi alimpigia mama. Mama alinipigia mimi, akampigia na mdogo wangu anayenifuata.

Najua ilivyo ukiwa ndani ya lile gari. Nililia kona ya kwanza, nikalia ya pili, lakini nyuma yangu ngoma ilikuwa inaniambia kuna mtu amesimama pale pale nilipomwacha. Ndoa yangu yenyewe haikufika mbali. Nilirudi kwa mama na begi langu. Alihamisha viazi, akanipa chumba. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie ile ngoma ni mbwembwe tu za kizamani.

Akabaki kitinda mimba wetu. Na wakati zamu yake inakaribia, mikono ya mama ikawa imeisha. Ni baridi yabisi. Vifundo vya vidole vilivimba, vidole vikapinda, na baridi yetu ya huku juu ikawa inamsaga. Akawa hawezi kukamata mwiko. Kanisani akawa anaimba tu, mikono ndani ya khanga, na ngoma yake akaitundika kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Tuliona tu iko pale.

Wazee wa upande wa bwana harusi walipokuja kupanga siku, walitaja mwezi wa saba, katikati ya baridi. Walipoondoka, mdogo wangu huyo wa mwisho akauliza kile ambacho wote tulikuwa tunakikwepa.

"Mama, ngoma nayo?"

"Mtaweka redio," mama akasema, kama mtu anayesema chumvi imeisha.

Mdogo wangu akatoka nje. Mimi nilikasirika, tena vibaya. Sikumkasirikia mtu, niliikasirikia ile mikono, niliukasirikia mwezi wa saba, niliikasirikia milima yote na ukungu wake. Kumwachia shangazi apige, au kupiga mimi, halikuwa jibu. Akipiga mwingine ni muziki tu.

"Utapiga wewe," nikamwambia.

"Nitapiga na nini? Na magoti?"

"Utapiga wewe, mama. Niachie mimi."

Akacheka. Anaijua hiyo sauti yangu, ya kichwa ngumu, na anajua haina dawa.

Nilianza na mashine nilizokuwa nazo ndani. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea moja mbele yake, nikamwambia abonyeze. Ilikuwa na vibonyezo vidogo kama vya simu ya kitochi; kidole chake kimoja kilikuwa kinabonyeza viwili, ngoma na kengele zinalia pamoja kama ajali. Nikaiuza. Ya pili ilikuwa na vibonyezo vikubwa, lakini vigumu. "Nzuri, mwanangu, hii nzuri," akawa anasema, na hapo ndipo nilipojua inamuumiza. Nayo nikaiuza. Ya tatu ilikuwa laini, tatizo inafikiri kwanza. Unabonyeza, inakaa, ndipo inalia.

"Hii naona inatuma kwanza barua Tanga," mama akasema.

Nikaiuza na hiyo. Lakini nilikuwa nimeona kitu. Mwanzoni alikuwa anakaa kwenye kile kiti kwa kunihurumia mimi, kama unavyokaa na mtoto anayekuonyesha gari lake la mabua. Kufika ile ya tatu, alikuja mwenyewe bila kuitwa, na aliacha kutumia ncha za vidole. Alitumia ubavu wa mkono, upande wa kidole kidogo, ambao haukuwa umeharibika sana. Aligusa, akainua, akagusa. Mdundo ulikuwepo, mzima kabisa. Kilichokosekana ni cha kuupokea.

Siku moja nikaitungua ngoma yake msumarini. Huku kwetu ngoma haipigwi bila kupashwa moto. Ukungu unailegeza ngozi, na ngoma iliyolegea inalia kama debe lenye maji. Unaisogeza karibu na mafiga, unaigeuzageuza, ngozi inakaza, ndipo inaongea. Mama akaipasha mwenyewe, akiipima joto kwa mgongo wa mkono. Kisha tukaingia chumbani kwangu, nikaweka kinasa sauti, nikamwomba mapigo matatu tu: moja katikati ya ngozi, moja pembeni, moja la kiganja kinachobaki juu ya ngozi. Aliyapiga. La tatu likamtoa machozi. Akanipa ngoma, akasema, "Inatosha," akaketi na mikono kwapani. Nilikuwa na sauti zake zote tatu, safi. Sasa ilibaki mashine ambayo mkono wake unaweza kuiamuru.

Nikaiona kwenye picha. Ilikuwa pana, vibonyezo vyake kila kimoja kama kiganja cha mtoto mdogo, na muuzaji alikuwa mzee wa Mazinde, kule chini barabarani, mpiga kinanda wa bendi ya zamani aliyestaafu na sasa anaishi kwa binti yake. Alikuwa anaiuza kwa sababu macho yamechoka. Bei yake ilikuwa ya haki, ila mimi sikuwa nayo, na nilichobakiwa nacho cha kuuza kilikuwa kimoja.

Ile ya mbao. Mashine ya zamani yenye mbavu za mbao, niliyoinunua imekufa kabisa nikaifufua mwenyewe waya kwa waya. Ndiyo pekee iliyowahi kunifanya nisite kuuza. Dijei mmoja wa pale Lushoto aliimezea mate muda mrefu. Nikampigia. Akaja dukani siku hiyo hiyo, akaigeuza huku na huku, akauliza boksi lake lipo, nikampa na boksi. Sikupepesa jicho. Nililia baadaye kidogo, nikiwa naosha vyombo, na mama akajifanya anatafuta chumvi.

Kushuka Mazinde nilivua sweta Mombo. Joto la kule chini linakupokea kama mlango wa tanuri. Nilimkuta mzee barazani, chini ya bati linalotoa mlio wa kupanuka kwa jua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe yule mkuu ni wewe?"

Akacheka, nikacheka. Mashine alikuwa ameiweka mezani tayari, na spika yake. Nikaigusa kwa ncha ya kidole. Ikaitika. Nikafumba macho, nikageuza mkono kama mama anavyougeuza, nikaigusa kwa ubavu, taratibu, kama unayepangusa unga mezani. Ikaitika, na ikaitika papo hapo.

"Hiyo haitaki nguvu," mzee akasema. "Inataka adabu."

Akaniletea na boksi lake. Halijachanika, halijafifia rangi, karatasi zake zote ndani, hata ule mfuko wa nailoni. Njia nzima ya kupanda mlima nililipakata lile boksi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea. Nilijiona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi nikaingiza sauti tatu za ngoma ya mama kwenye mashine, nikamwita. Akakaa, akaweka mkono sawa, akagusa. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akabonyeza, uso ukakunjamana, ikatoka sauti ndogo kama ya mtu anayejibu akiwa usingizini. Nikabonyeza mimi. Vile vibonyezo vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu.

Nikapandisha usikivu wake mpaka mwisho. Hapo ikawa inalia hata mtu akifunga mlango wa jikoni, ila ukiigusa kwa upole, bado bubu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Vile vile. Nikampigia mzee, nikajitahidi nisipandishe sauti. "Mwanangu," akasema, "si iliitika mbele yako?" Kweli, iliitika. Nikakata simu nikimshuku, halafu nikajiona mjinga kwa kumshuku, halafu nikarudi kumshuku. Harusi ilikuwa wiki inayofuata. Magunia ya mchele yalikuwa yameshafika nyumbani, mahema yamelipiwa, na mimi nilikuwa sina mashine nyingine ya kuuza.

Asubuhi moja ya siku hizo mama akaingia chumbani nikiwa nafunga begi la dukani. Akaweka mgongo wa mkono wake juu ya vibonyezo, akauacha pale kidogo.

"Ina baridi hii," akasema. "Imelala."

"Mama, ni mashine hiyo."

Nikaenda zangu dukani. Mchana nikafunga mapema, maana kichwa hakikuwepo. Nilipofika uani nikasikia harufu, ile ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto. Nikaingia jikoni mbio. Mama ameketi kwenye kigoda, na mashine yangu imeegemezwa pale pale inapoegemezwaga ngoma, karibu na mafiga, imeelekea moto.

"Nimeipasha kidogo," akasema. "Si ilikuwa imelegea?"

Kona moja ilikuwa imeinama kama mshumaa. Safu ya chini ya vibonyezo ilikuwa imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka.

"Mama! Umeiua!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Tangu niwe mtu mzima sijawahi kumpigia mama kelele namna ile. Nikaibeba na khanga, nikaiweka chini, nikatoka nje nikasimama katikati ya kabichi. Nilikuwa nawaza ile ya mbao. Nilikuwa nawaza kwamba hii sasa haiuziki, haiuziki kwa mtu yeyote, na boksi lake zuri liko juu ya kabati linatunza nini? Na nilikuwa nawaza mdogo wangu akivuka kizingiti kwa redio. Mtu asiyejua ngoma asingefanya kosa lile, nikasema moyoni. Asingeona kitu cha kupigwa akafikiria moto.

Nikakaa pale mpaka baridi ikanirudisha. Sikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu ina tabia ya kutaka kujua kitu kimeharibika kiasi gani. Nikarudi, nikaibeba mashine mpaka chumbani, nikachomeka waya. Taa yake ikawaka. Nikajaribu safu ya chini: imekufa. Nikagusa safu ya juu kwa kidole kimoja, bila kutarajia kitu.

Ikapiga kelele kama mwanamke mwenye vigelegele.

Nikashusha usikivu niliokuwa nimeupandisha. Nikagusa tena, kidogo, kwa ubavu wa mkono. Ikaitika. Nikagusa kwa unyoya wa kuku uliokuwa sakafuni, wallahi, ikaitika. Vibonyezo vilikuwa laini kama ulimi. Ndipo nikalikumbuka lile bati la Mazinde linavyolia kwa jua, na sweta nililolivua Mombo, na nikaketi kitandani.

Mimi si mtaalamu wa mipira. Naamini tu kwamba mpira ule umezeeka, umezoea joto la bondeni, na ukipandishwa huku kwetu mwezi wa saba unakakamaa, pamoja na sponji iliyo chini yake. Mama aliifanyia mashine kile anachoifanyia ngoma. Moto unaikaza ngozi iliyolegea. Moto huo huo unaulegeza mpira uliokaza. Sababu yake haikuwa sahihi hata kidogo, na dawa yake ndiyo ilikuwa dawa.

Alikuwa amesimama mlangoni, haingii.

"Njoo, mama."

"Sitaki kuigusa tena."

"Njoo uipige kabla haijapoa. Na nisamehe kwa zile kelele."

"Kelele zako ni za baba yako," akasema, akaja akakaa.

Alihitaji vibonyezo vitatu tu, na safu ya juu ilikuwa navyo. Akaweka mkono. Akagusa. Ikatoka ngoma yake mwenyewe, ile ya juu ya mlango wa jikoni, ikiwa na nguvu zake za zamani. Akauondoa mkono haraka, akautazama pande zote mbili. Kisha akaurudisha, na safari hii hakusimama. Alipiga mpaka mdogo wangu akaja kutoka shambani na jembe mkononi, akasimama uani. Mama alipomaliza alisema neno moja tu la Kishambaa, "Hongea," yaani ahsante, na sikujua anamshukuru nani, mimi au mashine.

Siku zilizobaki tulijifunza kuipasha. Si karibu na mafiga tena; kwenye kigoda, mbali kidogo, na mfuniko wa sufuria umesimama katikati kukinga ndimi za moto. Mama ndiye aliyekuwa anaamua kwa mgongo wa mkono wake, bado, bado, haya. Ikishatoka motoni inamudu nyimbo mbili hivi kabla haijaanza kukakamaa. Nyimbo mbili zinafika kwenye mikaratusi. Tulihesabu hivyo.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa umekaa kizingitini kama mgeni asiyetaka kuondoka. Usiku kulikuwa na manyunyu. Kuni kavu zote zilikuwa zimekwenda kwa wapishi wa pilau, na zile za jikoni kwa mama zilikuwa zinatoka maji ukizivunja. Mkaa nao walikuwa wameubeba. Nilikuta mama anapuliza, macho mekundu, moshi umejaa, moto hakuna. Nje gari la bibi harusi limeshafungwa maua, dijei yule yule wa Lushoto amefunga vyombo vyake uani tangu alfajiri na anapiga miziki ya kuamshia watu. Ndani mdogo wangu anafungwa shela.

"Karatasi," mama akasema. "Hamna hata karatasi."

Nikaingia chumbani kwangu. Nikanyoosha mkono juu ya kabati, nikaifunua ile khanga, nikashusha boksi la Mazinde. Lilikuwa zuri kama siku niliyolipakata. Nikalileta jikoni, nikaanza kulichana.

Mama akanishika mkono. "Si ndio mtaji huo?"

"Lete kiberiti, mama."

Nilichana boksi, nikachana karatasi zake, nikavisokota, nikavipanga chini ya kuni. Boksi kavu linawaka vizuri, hilo nakuhakikishia. Na kuni zikashika. Tukaiweka mashine kwenye kigoda chake, mama akaweka mkono, bado, bado, na mimi nasikia huko nje wanauliza mbona bibi harusi anachelewa. Haya.

Nikatoka, nikamwambia dijei azime. Akanyanyua nyusi, akazima. Niliweka spika ya kuchaji pembeni ya mlango, mama akaketi na mashine mapajani juu ya khanga mbili. Mlango ukafunguliwa. Mguu wa mdogo wangu ulipovuka kizingiti, mama akagusa.

Akina mama wa kwaya waliijua ile sauti kabla hawajajua inatoka wapi. Mmoja wao alitazama juu ya mlango wa jikoni, akaiona ngoma imetundikwa pale pale, akamtazama mama, akaweka mikono kichwani. Kisha vigelegele vikapasuka uani. Mdogo wangu hakugeuka. Kwetu hawageuki. Lakini niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa ndoo, akaingia garini.

Gari likashuka. Kona ya kwanza likapotea, likaonekana. Mama anapiga. Kona ya pili likapotea kwenye migomba. Ukungu ulikuwa unapita juu ya mikono yake, na nikaanza kusikia mapigo yanapungua unene, nikajua mpira unakaza. Alijua kabla yangu. Alikuwa ameshaacha kugusa, sasa anabonyeza, na mdomo wake umebanwa kama siku ile ya mapigo matatu. Nikainama sikioni kwake.

"Inatosha, mama. Wameshafika mbali."

"Bado hajafika kwenye mikaratusi."

Nikapiga magoti, nikaingiza viganja vyangu chini ya mashine kuikumbatia, sijui kama vilisaidia kitu. Alibonyeza. Kila pigo lilitoka. Gari likaonekana tena, doa jeupe, likaifikia mikaratusi, dereva akapiga honi, likapita. Mama akanyanyua mikono.

Watu walikuwa wanaingia kwenye magari kwenda kanisani dijei alipokuja kuchuchumaa mbele yetu. Aliitazama mashine bila kuificha hamu.

"Dada, hiyo sauti nimeitafuta miaka. Tufanye hivi: nakurudishia ile yako ya mbao, na juu yake naongeza. Nipe hiyo."

Niligeuka nikaitazama ile ya mbao, iko mezani kwake, taa zake nyekundu zinawaka kama nilivyoziunga mimi. Niliitaka. Sitadanganya, niliitaka sana.

"Imeungua hii," nikasema. "Huioni?"

"Naiona. Haina shida." Akaigusa ile kona iliyoinama, kisha, kwa mazoea tu, akauliza, "Boksi lake lipo?"

"Tumeliwashia moto asubuhi."

Akacheka, akabaki ananisubiri nimalizie mzaha. Mama alikuwa ameshaninyooshea mikono yote miwili nimwinue, maana gari la kanisani lilikuwa linatungoja. Nikaitia mashine kwapani, nikaishika mikono yake. Ilikuwa ya moto.